Tundu la Pili

Alikuja na gia moja tangu Ganda,
hakuthubutu kubadilisha.
Nililisikia gari kabla sijaliona, likikoroma
kama mtu aliyelala na njaa.
Viti viwili. Paa la turubai.
Rangi ilikuwa nyekundu, sasa ni rangi ya ufizi.

"Hiki ndicho kiinua mgongo changu,"
akasema Mzee Thoya, akishuka mgongo umepinda.
Miaka kumi na tisa alimpikia Mtaliano huko Casuarina
tambi, kamba, mchuzi usiojua pilipili.
Siku hoteli ilipofungwa
wenzake walipewa ahadi, yeye akapewa ufunguo.

Gari halina neno, akasema. Neno liko gotini.
Goti la kushoto, lile lililosimama kwenye saruji
mbele ya jiko. Klachi nzito, na goti limechoka.

Nikaingia chini, Dama akanishikia taa.
Humo hamna mafuta wala waya,
ni chuma kinamwagiza chuma:
pedali yavuta fimbo, fimbo yausukuma mkono,
mkono wageuza ekseli fupi, ekseli yaamsha uma,
uma ndio unaoachanisha injini na giaboksi
kama shangazi anavyoachanisha wagomvi: kwa bega.
Kila kiungo na pini yake, kila pini na bushi yake,
na bushi zote zimeliwa na chumvi ya Malindi.

Nikafanya lile ninalolijua.
Nikatoboa tundu la pili kwenye mkono,
upana wa kidole gumba kutoka lile la zamani,
mbali zaidi na ekseli.
Pedali ikalainika. Mzee akaibonyeza
kwa ncha ya ndara, akacheka peke yake.

Tukawasha. Akaingiza gia.
Gia ikapiga yowe hadi muuza maji akasimamisha mkokoteni.

Ndivyo ilivyo. Ukipunguza uzito
utalipa kwa mwendo. Mguu ulisafiri mbali,
uma ukasogea kidogo tu, kama mtu anayefikiria.
Nilikaa juu ya tairi bovu, nimeshika keekee,
najiuliza kama chuma kilichotobolewa huzibika.

Dama ndiye aliyerudi chini na rula yake ya shule.
Akatikisa pini moja moja.
"Fundi," sauti ikatoka uvunguni, "mwendo upo.
Unavuja."

Kwenye kila kiungo, milimita mbili zilizolegea.
Viungo vinne. Hesabu mwenyewe.

Mombasa wakasema bushi hizo hazipo
tangu mwenye duka hajazaliwa.
Mzee Thoya akaenda nyumbani kimya,
akarudi na ubao wake wa kukatia nyama,
ule mweupe wa plastiki, mzito kama mlango,
unaonukia kitunguu saumu hata baada ya sabuni.
"Huu hauliwi na chumvi," akasema. "Nimejaribu."

Kwa Bakari mchonga vyuma, pale Majengo,
tukapata bushi nane.
Moja bado ina alama ya kisu.

Alitaka niikaze fimbo hadi mwisho.
Nikakataa. Pedali lazima icheze kidogo juu,
vidole viwili vya bure kabla ya kazi kuanza,
la sivyo beringi haipumziki, italia mpaka ife.
Akafikiri. "Kama mfuniko wa sufuria," akasema.
Sikujibu. Nilikuwa natafuta spana ya kumi na tatu,
na Dama alikuwa ameikalia.

Jioni akaondoka kuelekea Barani.
Kwenye tuta la kwanza akakanyaga klachi.
Nilisubiri ule mlio, meno yangu yameshaumana.
Nikasikia injini ikishuka sauti, ikipanda,
halafu mbuzi wa jirani.

Huja kila mwezi mosi na bakuli la tambi za nazi.
Mimi natia grisi, Dama anatikisa pini.
Tundu la kwanza bado lipo, tupu.
Nalipitishia kitambaa, kutu isianzie pale.