Kokoto za Ndani

Tangu Machi napita hapa na gari la barua,
saa moja kasorobo, ukungu bado umelalia migongo ya kondoo,
na Effie Gilchrist yupo, magoti juu ya gunia,
anajenga ukuta asioagizwa na mtu.

Huku Galloway kuta hatuzitii saruji.
Jiwe hulalia jiwe, na uzito ndio gundi.
Kusema kweli kuta ni mbili, zimeegemeana,
na katikati kuna pengo la kuzamisha mkono hadi kiwiko.
Humo ndimo kokoto huingia,
moja moja, kwa vidole,
si kwa koleo.

Hilo sikulijua. Mimi ni mtu wa bahasha.

Alinieleza siku niliyomletea bili ya umeme.
Kulikuwa na kikombe, alisema.
Maonyesho ya Agosti, waamuzi wenye kofia za sufu,
na yeye, miaka ishirini na sita, mwanamke peke yake uwanjani.
Akashinda. Akashinda tena.
Mwaka wa tatu wakamvika kilemba cha ukoka:
picha gazetini, mkono wa diwani, keki.
Mwaka wa nne kikombe kikaenda kwa kijana wa Cumbria,
na nyundo ikalala chini ya kitanda miezi minane.

Kisha zikaja pesa. McTurk alilipa kwa mita,
na mita haina macho ya kuchungulia ndani.
Akajenga mbiombio, uso laini, mstari umenyooka,
na tumboni akamimina kifusi kwa ndoo.
Watalii walisimamisha magari wakapiga picha.

Ukuta ulivumilia baridi nne.
Maji yaliingia, yakaganda, yakavimba,
na usiku mmoja wa Februari ukapasuka ubavu
kama gunia la viazi vilivyooza.
Kondoo kumi na mmoja barabarani.
McTurk hakumdai kitu; alikwishauza shamba,
kahamia Ayr kwa bintiye.
Mwenye shamba mpya akavuta senyenge, akasema yatosha.

Na kweli yatosha. Hilo ndilo linalonisumbua.

Nikamwuliza: nani anakulipa? Akacheka puani.
Nani atauona? Akaangalia kondoo, kondoo wakaangalia majani.
Basi hamu hiyo unaitoa wapi, kila siku, kwa mvua hii?
Maana mimi saa ya kuniamsha naiweka ng'ambo ya chumba,
na bado nailaani hadi bafuni.

Hakujibu. Aliniwekea kokoto kiganjani,
nyeusi, baridi, si kubwa kuliko yai la njiwa.
"Itafutie mahali."
Nikaitia. Ikacheza. Nikaigeuza. Ikacheza.
Gari linanguruma, barua za watu zinangoja.
Mara ya sita, au ya saba,
ikakaa.
Tk.
Sauti ndogo, niliisikia kuchani kabla ya sikioni.
Sikuwa na wa kumwonyesha, na kwa dakika nzima
sikumkumbuka yeyote wa kumwonyesha.

"Usidhani hamu huja kila siku," alisema.
"Kuna asubuhi nayatukana mawe haya, jiwe kwa jiwe.
Siku hiyo natia moja tu. Moja haidai hamu.
Ya pili huja yenyewe, kuitazama ya kwanza."
Akanifukuza: nilikuwa nimekanyaga kamba yake.

Sasa ni Novemba. Mita kumi na tisa, mawe ya juu bado.
Kokoto zangu zimo humo, nadhani arobaini,
zimefunikwa pande zote mbili,
na hata Effie hawezi tena kuzitofautisha na zake.
Saa yangu nimeirudisha karibu na mto.

Bibi wa nyumba ya mwisho ameandika malalamiko posta:
barua humfikia zimechelewa,
na kila bahasha ina alama ya dole gumba, tope tupu.