Mstari wa Goti

Umeme ukirudi Nyawera, saa mbili kasorobo,
kompyuta huamka kabla ya akili yangu.
Husoma kwanza faili moja fupi
aliloandika Cirhuza kabla hajahamia Kalemie:
pakia vipimo,
pakia kuta za mawe,
pakia ngazi.
Kwa mpangilio huo. Ngazi haijui pa kuegemea
pasipo ukuta, na ukuta haujui kimo chake pasipo mita.

Zamani tulizipakia kwa mkono, moja moja,
kila umeme ulipokatika. Siku nyingine mara sita,
chai inapoa mezani.
Cirhuza alichoka, akaandika.
Hakutufundisha. Juu kabisa ya faili aliacha maneno
ambayo mashine huyaruka na mtu huyasoma:
Usiguse kama hujala.

Jana niligusa, nami nilikuwa sijala.
Leo skrini ikafunguka nyeupe kama sahani iliyolambwa,
hakuna ngazi, hakuna kuta, wala hata lalamiko,
na Mama Nsimire yuko mlangoni, viatu mkononi,
tope la Kadutu limempanda hadi pindo la kitenge.

Mstari wa tisa. Bano moja
nililifungua nikasahau kulifunga,
na vyote vilivyofuata viliingia humo vikatulia
kama mbuzi walioingia zizi la jirani.
Nikalifunga. Nikawasha upya.
Vipimo. Kuta. Ngazi.

"Vidato arobaini na tatu," nikamwambia,
"toka barabarani hadi mlangoni kwako.
Kilima ni kikali, mama, ila hesabu imekubali."
Akaitazama karatasi, akaitazama sana.
"Hiyo hesabu," akauliza, "ina goti?"

Alipoondoka nilikula kwanza,
bugali na sambaza za jana, baridi.
Kisha nikafungua faili la Cirhuza,
nikashuka hadi chini, nikaongeza mstari wangu:
kila baada ya vidato kumi na viwili, mahali pa kusimama,
upana wa mtu na beseni lake.
Nikauita goti.
Fungua bano, funga bano.
Nikayahesabu tena kwa kidole.

Kuna watu wa Panzi, wa Cimpunda, ambao hawajaja bado
na michoro yao haijazaliwa.
Watapumzika katikati ya mlima
wasijue ni nani aliyewaombea.

Umeme ukakatika.
Sikumbuki kama nilikuwa nimeshahifadhi.