Eda ya Starleti

Gari lako, Mahfudhi, lilikaa eda nami.
Mimi ndani, kwenye shuka nyeupe na dirisha la jikoni;
lenyewe nje, ubavuni mwa ukuta wetu wa Tudor,
limejifunika turubai la samawati hadi magurudumu.
Miezi minne na siku kumi
hakuna aliyegusa ufunguo.

Usiku nilisikia kitu kikikwaruza,
nikasema ni mkungu unasugua bati.
Nikasema ni wewe, mara moja tu,
kisha nikaomba maghufira nikalala.

Siku ya kutoka eda nilioga, nikajifukiza udi,
nikautungua ufunguo msumarini.
Nikazungusha. Kimya.
Nikazungusha tena: likakohoa,
taa zote za dashibodi zikawaka pamoja
kama jamaa waliosikia kuna urithi,
zikafa.
Na harufu. Loh, harufu ile!

Fundi Mwaruwa alikuja kwa baiskeli kutoka Makupa,
akainua boneti, akacheka peke yake.
"Mama, una wapangaji."
Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo;
hawa hawakuwa na haja ya kuchimba,
shimo waliletewa na meli kutoka Japani,
lina paa, lina giza, halina kodi.

Nyaya tatu zimemenywa hadi shaba.
Chujio la hewa limegeuzwa kitanda.
Akakitoa kwa viganja viwili, polepole,
akakiweka kwenye ngazi, nikainama.

Sponji ya kiti cha nyuma.
Nusu ya risiti ya petroli, tarehe yake Jumanne ile.
Maganda ya njugu ulizoniapia kwamba umeziacha.
Na nyuzi nyeupe, nyembamba, zimeshika vitundu vyake bado:
kofia yako, niliyoishona miezi saba, tundu kwa tundu,
niliyoitafuta nyumba nzima siku ya hitima.
Katikati yake wana sita, wekundu,
macho hayajafumbuka,
kila mmoja kama kidole cha mtoto mchanga.

"Niwatupe?" akauliza Mwaruwa.
Shemeji Badi ameshafika, anauma na kupuliza:
"Pole, bibi, pole sana. Liuze tu.
Nina mteja, yeye panya hawamsumbui."
Bi Nargisi akapaza sauti kutoka ghorofani: nafthalini!
Mwanawe: gundi! Mlinzi wa jirani: pilipili kichaa
na mafuta ya taa. Siku ile
Tudor nzima ilikuwa daktari wa panya.
Paka wa buchani hakusema kitu.
Alikaa, akilamba mkono.

Sitakudanganya. Nilitazama pembeni.
Niliporudisha macho, kofia ilikuwa pale,
na paka keshapiga kona.
Sehemu hiyo simwambii Zuhura.

Mwaruwa alifunga nyaya kwa utepe mweusi,
akaziba mdomo wa hewa kwa wavu wa dirisha,
akapokea elfu mbili na glasi ya maji ya ndimu,
akasema dawa zote zile ni maneno.
"Panya hapangi penye fujo.
Liwashe kila asubuhi. Liende hata sokoni, lirudi.
Kitu kikilala sana, mama, hupata mwenyewe mwingine."

Badi akauliza bei.
Nikamwambia awaulize panya.

Siku hizi, baada ya swala ya alfajiri, nakaa kiti chako,
mto mgongoni, maana miguu haifiki.
Siliendeshi bado. Naliwasha tu, nahesabu hadi mia mbili,
Bi Nargisi anafunga madirisha kwa kishindo.
Jana nilitia gia.
Likasogea hatua mbili, labda tatu,
likagonga pipa la taka, likazima.
Pipa likaanguka, na humo akatoka
mmoja mkubwa, mwembamba, sikio limechanika.
Hakukimbia. Alisimama mbele ya taa.
Mama yao, naapa.
Tukatazamana kidogo.

Nikampigia honi.