Lita Kumi na Moja

Lutomia, daftari langu halijui hadithi.
Linajua tarehe, jina, lita.
Jumanne: mafuta ya taa, mbili. Alhamisi: tatu.
Ijumaa usiku, nikifunga duka: sita.
Nikakuuliza, kwani kwako kuna taa ngapi?
Ukacheka, ukanipeleka nyuma ya karakana.

Pijo ya zamani, haina uso.
Penye injini umelaza mtungi wa kuzimia moto.
Humu, ulisema, ndimo moto utakamokaa.
Ubavuni pake konokono wa chuma,
turbo ya lori lililoanguka Salgaa,
ingali na tope la mtaro shingoni.

"Hakuna pistoni. Hakuna kupanda na kushuka.
Ni kuzunguka tu."
Ukanionyesha magurudumu mawili ya mapanga:
hili linazungushwa na moto,
lile linazungushwa na pumzi ya hili.
Hayagusani. Hakuna shafti kati yao.
Niliyatazama muda mrefu
kuliko inavyomfaa mtu aliyeacha duka wazi.

Jumapili, Kaptembwo yote ikiwa kanisani,
ukashika kipulizio, ukafungulia mafuta yangu.
Kwanza birika. Kisha nyuki.
Kisha sauti isiyo na jina, nyembamba kama waya,
ikanipita kwenye meno.
Mbwa wa Zablon aliingia uvunguni mwa kibanda,
akatoka Jumatatu.
Nyasi nyuma ya bomba zilijikunja bila kuwaka.

Ukakanyaga. Gari likafikiri.
Moja, mbili, tatu,
ukanitazama kupitia dirisha lisilo na kioo,
umeona haya kama bwana harusi mbele ya wakwe,
nne,
ndipo likaenda. Likaenda, Lutomia!
Halikutetemeka. Chai yako juu ya dashibodi
haikukunja hata uso.

Toka karakana hadi posho mili ya Chemweno.
Mafuta yakaisha, gurudumu halikuambiwa:
liliendelea kuzunguka peke yake,
nawe umeinama, sikio kwenye chuma cha moto,
unasikiliza beringi.

Wanasema, lita kumi na moja!
Punda wa Wanyeki hufika pale kwa majani ya mahindi,
na hurudi.
Ni kweli. Na deni ni deni, sikufutii.

Ila kwenye safu ya malipo,
ambapo huandika shilingi,
nimeandika kwa wino: mita mia nne.

Leo asubuhi limeletwa pipa jipya.
Bado sijauza hata tone.