Chumvi Nyingi

Daktari wa Wete kanivisha mpira mkononi,
kaupuliza, kauachia, kanitazama:
"Bi Mize, chumvi basi."

Basi? Mie niliyezoea
embe mbichi kwa chumvi na pilipili,
njugu zilizopauka kama magoti ya watoto wa pwani,
hata ubuyu, nikiumung'unya mpaka kokwa ing'are!

Saa kumi nikashika njia ya sokoni.
Kwa Shaame, muhogo wa kukaanga: "Nishanyunyiza."
Kwa Bimkubwa, bisi: "Ndo ladha yake, shoga."
Pakiti ya dukani nikamsomesha mjukuu
maandishi madogo kama mayai ya chawa;
akacheka: "Bibi, hii bahari."

Nikarudi na fungu la shokishoki
na kibaba cha njugu mbichi.
Nikazikaanga kwa mchanga, moto mdogo,
nikazikamulia ndimu, nikazitupia bizari nyembamba.
Ya kwanza, karatasi.
Ya pili, karatasi yenye ndimu.
Ya kumi sikuihesabu.

Mtu mzima husifiwa: kala chumvi nyingi.
Hiyo naitaka,
ya miaka, ya kupakata kitukuu.
Hii ya kopo
naisugulia masufuria.