Mzimu wa Studio

Mzimu ulikuwa mimi. Miaka tisa,
nimepakwa unga hadi kwenye kope,
nimesimama nyuma ya chandarua
katika studio ya Mutinda, River Road,
juu ya duka la baiskeli.

"Usipumue," aliniambia. "Marehemu hawapumui."
Kioo kimoja kilipigwa mara mbili:
kwanza mfiwa kitini, kisha mimi peke yangu.
Shilingi kumi. Picha tayari Jumamosi.

Nilikuwa mwana wa watu wengi,
wa Pumwani, wa Kaloleni, wa Bahati;
siku moja nikawa hata mke wa karani wa reli.
Hakuna aliyeuliza
mbona wafu wote wana kovu moja gotini.

Ila Mama Wambeti alirudi.
Ilikuwa Julai, baridi inauma hadi kwenye kucha,
na pichani mwanawe alikuwa na ukungu,
maana nilishindwa kutulia.
Hakulia. Hakudai pesa zake.
Alitoa kiondoni sweta ya kijani,
mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake.
"Mpe," alimwambia Mutinda,
macho yake kwenye chandarua.
"Anatetemeka."

Mutinda alicheka hadi akakohoa.

Ilinitosha mabegani
kama iliyopimwa.