Mswada wa Mzee Tribbett

Kila Januari nilipiga chapa mswada uleule,
nikibadilisha mwaka tu.
Mzee Tribbett aliutia sahihi, akavaa kofia,
akapanda ngazi za Bunge, Washington, akihema kwa pumu.

"Mpe mtu mweusi kiti mgahawani," aliwaambia,
"kisha umnyime kazi:
atakula nini, kiti?"

Wakacheka.
Miaka kumi na tisa walicheka.
Wa ishirini wakaupitisha,
wameshaung'oa meno.

Siku alipostaafu tulimimina droo yake mezani:
barua kutoka Gary, za wafua chuma walioachishwa,
nyingine kwa penseli.
Zote alikuwa amezijibu,
isipokuwa ya mdogo wake, Alonzo,
karatasi imelainika kwa kukunjwa na kukunjuliwa:

Kaka, kiwanda kimefungwa.
Huna mtu unayemjua?